Ruzuku ya Mafuriko: Serikali Inaponunua Hasara Kabla Haijatokea

KATIKA soko la kawaida mnunuzi hulipa, hubeba mzigo wake na kuondoka. Lakini ipo bidhaa moja ambayo serikali hununua kwa mabilioni, na ambayo ikinunuliwa vizuri haionekani kabisa. Bidhaa hiyo ni hasara isiyotokea: nyumba ambayo haikuzama, duka ambalo halikufungwa, barabara ambayo haikukatika.

Fedha za kuinunulia bidhaa hiyo huitwa ruzuku ya kupunguza athari za maafa. Marekani imekuwa katika biashara hiyo tangu 1988, na hesabu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mombasa, ambaye kila masika hutazama mbingu kabla ya kuagiza mali, hesabu hizo zina mafunzo ya bei: nani analipa, analipa lini, na nyumba ya bondeni inathaminiwa kiasi gani.

DUKA HUFUNGULIWA BAADA YA MSIBA

Ruzuku iliyo kongwe zaidi kati ya hizo hujulikana kwa kifupi kama HMGP. Ilitokana na Sheria ya Stafford ya 1988 na husimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa.

Utaratibu wake ni huu. Rais anapotangaza kuwa jimbo fulani limepatwa na maafa makubwa, serikali kuu hutoa fedha za misaada na za kujenga upya. Juu ya fedha hizo jimbo linaweza kuomba fungu la kinga. Kwa majimbo mengi fungu hilo hufikia asilimia 15 ya dola bilioni 2 za kwanza za misaada, na jimbo lenye mpango wa kinga wa kiwango cha juu linaweza kupata asilimia 20. Miji na wilaya hupeleka maombi yao kupitia jimbo: kununua nyumba zilizo bondeni na kuzibomoa, kuinua nyumba juu ya kimo cha maji, kupanua mitaro na makaravati.

Kwa hiyo ukubwa wa fungu la kinga hufuata ukubwa wa msiba. Jimbo lililoharibiwa sana hupata kingi, na jimbo ambalo mwaka huu limesalimika, hata kama mito yake imejaa mchanga na watu wake wamejenga ukingoni, halipati kitu kutoka dirisha hili. Hata jimbo lililopatwa halina uhakika, kwa sababu kibali ni cha Rais. Katika mwaka 2025 maombi kadhaa ya fungu hili yalibaki bila idhini ingawa misaada mingine ilitolewa.

Sharti la pili ni fungu la mwenyeji. Hapo mwanzo Washington ililipa nusu ya gharama, nusu nyingine ikatoka jimboni na mjini. Miji mingi midogo haikuwa na nusu hiyo. Ilibidi mito miwili mikubwa ifurike ndipo sharti hilo likalegezwa.

MWAKA 1993 NA KIJIJI KILICHOHAMA

Katika kiangazi cha 1993 mito Mississippi na Missouri ilifurika katika majimbo tisa. Hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 15. Matuta yaliyokuwa yakitegemewa kwa miaka mingi yalipasuka, na baadhi ya miji ilikaa ndani ya maji kwa wiki nyingi.

Desemba mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopandisha mchango wa serikali kuu kutoka asilimia 50 hadi 75. Sheria hiyo ilielekeza nguvu kwenye ununuzi wa nyumba. Masharti yalikuwa rahisi kueleweka. Mwenye nyumba huuza kwa hiari yake, hakuna anayefukuzwa. Bei inaweza kuwa ile ya soko kabla ya mafuriko, ikiondolewa misaada na bima aliyokwisha kulipwa kwa hasara hiyo hiyo. Nyumba hubomolewa, na kiwanja huwa mali ya umma na kubaki wazi daima. Panaweza kufanywa bustani au uwanja wa michezo, lakini nyumba ya kuishi haijengwi tena hapo.

Katika majimbo hayo ya kati nyumba na majengo yapatayo 12,000 yaliondolewa kwa njia hiyo baada ya 1993.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Valmeyer, kijiji cha watu wapatao 900 katika jimbo la Illinois. Maji yalipovunja tuta Agosti 1993 karibu kijiji kizima kiliharibika. Wakazi walipiga kura wahame pamoja. Fedha zilichangwa kutoka ofisi nyingi za serikali kuu na za jimbo, ikanunuliwa ardhi ya ekari 500 hivi juu ya mwamba, kiasi cha kilomita tatu tu kutoka kijiji cha zamani. Wapo waliochoka kungoja wakaenda kuishi kwingine, na maduka ya barabara kuu ya zamani hayakuhama yote. Lakini leo Valmeyer ina watu zaidi ya 1,200, na mapango ya machimbo ya mawe yaliyo chini ya mwamba huo yamegeuzwa kuwa maghala, ambamo hata serikali kuu imehifadhi kumbukumbu zake.

Mhasibu atavutiwa zaidi na mfano wa jimbo la Missouri. Wilaya ya St. Charles ilipewa misaada ya serikali kuu ya zaidi ya dola milioni 26 baada ya mafuriko ya 1993. Nyumba nyingi za bondeni zikanunuliwa. Mto ulipofurika tena 1995, misaada iliyohitajika ilikuwa dola 283,000 hivi. Katika mji wa Arnold, katika jimbo hilo hilo, misaada ilishuka kutoka zaidi ya dola milioni 2 hadi chini ya dola 40,000.

Ni kweli kwamba maji ya 1995 hayakufikia kimo cha yale ya 1993. Hata hivyo kwa Arnold yalikuwa miongoni mwa mafuriko makubwa kabisa katika historia yake. Kilichopungua zaidi ni idadi ya watu waliokuwa wakiyangojea bondeni.

HESABU YA MHASIBU

Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Majengo ya Marekani ilifanya hesabu ya ruzuku hizo. Mwaka 2005 ilisema kila dola iliyotumika imeokoa dola 4. Ilipopanua utafiti wake, katika taarifa ya 2019, kiwango kilipanda hadi dola 6 kwa ruzuku za serikali kuu kwa jumla, na dola 7 kwa mafuriko ya mito. Faida hiyo hupatikana kwa miaka mingi, na wanaoipata ni wengi: mwenye nyumba, kampuni ya bima, mwajiri ambaye wafanyakazi wake hawakukosa kazini, na hazina ya serikali yenyewe.

Mtaji unaozaa mara sita ungegombewa katika soko lolote. Kwa nini basi ruzuku hii haijamaliza tatizo? Jibu la kwanza limo ndani ya hesabu yenyewe.

Ili mradi ukubaliwe, faida yake lazima ilingane na gharama au izidi. Faida ya miaka ijayo hurudishwa kwenye thamani ya leo kwa kiwango maalumu, na kwa miaka mingi serikali ya Marekani ilitumia asilimia 7. Kwa kiwango hicho, hasara ya dola 100 itakayoepukwa baada ya miaka 30 huhesabiwa leo kuwa dola 13 tu. Mtaro au karavati litakalodumu miaka 50 huonekana ghali, kwa sababu faida ya nusu ya pili ya umri wake karibu yote inafutwa na kalamu.

Jibu la pili ni bei ya nyumba. Kinachopimwa ni thamani ya mali itakayookolewa. Nyumba ya dola 500,000 ikinusurika, faida ni kubwa. Nyumba ya dola 50,000 ikinusurika, faida ni ndogo, hata kama ndani ya ile ndogo wanaishi watu wengi zaidi na ndiyo mali yao pekee. Mzani umewekwa sawa, lakini mawe yake ni ya fedha, na mwenye fedha huwa mzito.

FOLENI NA KARANI

Jibu la tatu ni uwezo wa kungoja. Watafiti waliopitia kumbukumbu za ununuzi wa nyumba wa FEMA tangu 1989 walihesabu nyumba zaidi ya 43,000 katika wilaya zaidi ya 1,100. Katika utafiti wao uliotolewa 2019 walikuta kwamba wilaya zilizopata fedha hizo kwa wastani zilikuwa na kipato kikubwa na watu wengi kuliko zile zisizopata. Ndani ya wilaya hizo, nyumba zilizonunuliwa zilikuwa zaidi katika mitaa ya wanyonge. Kwa maneno mengine, mnyonge alifikiwa pale alipokuwa na wilaya yenye uwezo wa kumwombea.

Uwezo huo una gharama. Mji unatakiwa uwe na mpango wa kinga ulioidhinishwa, uajiri mhandisi wa kupima maji, uandike hesabu za faida, uweke akiba ya asilimia 25, kisha ungoje. Mji mkubwa una idara nzima kwa kazi hiyo. Mji mdogo una karani mmoja, ambaye pia hukusanya ushuru na kuandika vikao.

Kuhusu kungoja, uchunguzi mwingine wa 2019 ulionyesha kuwa kutoka siku ya mafuriko hadi nyumba kununuliwa na hesabu kufungwa hupita zaidi ya miaka mitano. Katika muda huo mwenye nyumba anaendelea kulipa mkopo wa nyumba asiyoweza kuilala, au anaikarabati kwa fedha ambazo hazitarudi. Wengine huuza kwa bei ya kutupa kwa mtu atakayepaka rangi na kumuuzia mgeni asiyejua habari za mto. Hapo serikali inakuwa imepoteza nafasi, na bonde limepata mkazi mpya.

Kuna marekebisho yaliyofanyika. Ruzuku nyingine, FMA, ilianzishwa na sheria ya 1994 kwa ajili ya nyumba zenye bima ya mafuriko ya serikali. Kwa nyumba zilizolipwa bima mara kwa mara, serikali kuu inaweza kulipa asilimia 90 ya gharama, na kwa zile zilizokithiri asilimia 100. Sababu ni ya kibiashara. Nyumba inayolipwa bima mara nne kwa mto ule ule imegeuka mrija katika mfuko wa bima, na ni nafuu kuinunua mara moja kuliko kuikarabati kila mara.

KUNUNUA KABLA YA MAJI

Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilijaribu kufungua duka kabla ya msiba. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliruhusu kutengwa hadi asilimia 6 ya makadirio ya fedha za maafa kwa ajili ya kinga, na mwaka 2020 ikaanza ruzuku iitwayo BRIC. Awamu ya kwanza ilitengewa dola milioni 500, ya pili dola bilioni 1. Sasa mji ungeweza kuomba fedha za mtaro au za kituo cha pampu hata kama haujapatwa.

Katika miaka minne hivi miradi karibu 2,000 ilichaguliwa, yenye thamani ya dola bilioni 4.5. Halafu Aprili 2025 utawala wa Rais Donald Trump ulitangaza kuifuta BRIC, ukisema ni ya ubadhirifu na imeingizwa siasa. Miji iliyokwisha kulipa wahandisi na kutenga fungu lake ikajikuta na michoro mkononi bila fedha.

Julai 2025 majimbo 20 yalifungua kesi. Agosti jaji wa mahakama ya serikali kuu huko Massachusetts alizuia fedha hizo kupelekwa kwenye matumizi mengine, na Desemba 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba kuifuta programu hiyo kulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa fedha zilikuwa zimepitishwa na Bunge.

Mfanyabiashara ataelewa haraka uzito wa jambo hilo. Ruzuku ya kinga ni ahadi ya miaka mingi, na mkandarasi hawezi kununua mitambo kwa ahadi inayoweza kufutwa kwa tangazo la siku moja. Hata mahakama ikirudisha fedha, misimu ya mvua iliyopita haiwezi kurudishwa.

KENYA: FUNGU LINALODAI FUNGU

Afrika Mashariki haina FEMA, lakini Kenya imeanza utaratibu unaokaribiana na huo. Kaunti ya Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015. Baadaye wazo hilo likapanuliwa kitaifa katika programu ya FLLoCA, ambayo Benki ya Dunia iliiidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na wahisani wengine wakaongeza.

Serikali ya Nairobi hugawa ruzuku kwa kaunti kwa masharti. Kaunti sharti iwe na sheria na mfuko wake, iwe na kamati za wodi zinazochagua miradi, na itenge fungu lake katika bajeti ya maendeleo. Miradi mingi imekuwa ya maji na ya kukabili ukame, ambao ndio adui wa kaunti nyingi. Mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizoua watu zaidi ya 200 nchini humo na kuzamisha makazi ya ukingoni mwa mito Nairobi, zilionyesha kuwa mafuriko nayo yanahitaji fungu lake.

Jambo la kuangaliwa hapo ni lile lile la Marekani. Ruzuku yenye masharti humfundisha mwombaji nidhamu ya hesabu, lakini kaunti yenye karani mmoja itakuwa ya mwisho katika foleni.

JANGWANI: BEI YA ARDHI ISIYO NA HATI

Dar es Salaam inalijua tatizo hili kwa miguu. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita Kigogo na Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na mteja wa Kariakoo hubaki ng'ambo na fedha zake mfukoni. Watafiti wa Benki ya Dunia walikadiria kuwa mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yaliwatia wakazi wa jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100, na kwamba kaya iliyopatwa ilipoteza kwa wastani asilimia 23 ya kipato chake cha mwaka.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Waliokuwa wakiuza mboga, samaki na vitafunwa mjini walipata kiwanja wakakosa wateja, na wapo waliorudi bondeni. Valmeyer ilihama kilomita tatu. Tofauti hiyo ya umbali ni nauli ya kila siku, na nauli hutoka katika faida.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi, umechukua wazo lile la Marekani: kuwalipa wakazi wahame, kuchimba mto, kujenga daraja jipya Jangwani na kuacha bonde liwe bustani ya jiji. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni deni, na mlipa kodi wa Tanzania ndiye atakayelirejesha. Hivyo kila nyumba iliyolipwa fidia imenunuliwa kwa fedha ya kukopa, na ni lazima ibaki imenunuliwa.

Ubishi ulikuja kwenye bei. Mmarekani hulipwa thamani ya nyumba na kiwanja kwa bei ya kabla ya mafuriko. Bondeni Msimbazi jengo lilithaminiwa, lakini ardhi haikuwa na bei, kwa kuwa sheria huitambua kuwa ni ya hatari, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mwenye kibanda aliona hesabu ya mabati na matofali yake, akajiuliza atanunua kiwanja wapi. Malalamiko yalipozidi, mwaka 2023 serikali ilikubali kuongeza shilingi milioni 4 kwa kila mwenye nyumba kwa ajili ya ardhi.

Kisheria hiyo ni huruma. Kibiashara ni gharama ya lazima. Mtu anayelipwa jengo bila kiwanja atajenga tena pale ambapo kiwanja hakiuzwi, yaani katika bonde jingine, na serikali itamkuta huko na kumlipa upya. Mpangaji naye, ambaye hana jengo wala kiwanja, yumo katika hesabu hiyo hiyo, maana ndiye wa kwanza kutafuta chumba cha bei rahisi karibu na maji.

KUHUSU kinga, basi, soko limekwisha kutoa bei zake. Mafuriko ya mto yakizuiwa mapema, shilingi moja huweza kuokoa saba. Zikingojwa mvua, shilingi hiyo hiyo hununua maturubai na blanketi, na masika yajayo hununua mengine. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeipa Tanzania mfuko wa maafa. Wenye maghala Jangwani, wasafirishaji wa Barabara ya Morogoro na kampuni za bima wana haki ya kuuliza, bajeti inaposomwa, ni kiasi gani cha mfuko huo kinatumika kabla ya mvua na kiasi gani baada yake. Fungu la kwanza ni uwekezaji. La pili ni rambirambi.